Viwanda na Ajira (3): Mashine Ikisimama, Mfanyakazi Anatoka na Nini?

Wiki iliyopita tuliona jinsi viwanda vya nguo kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na vile vya Mwanza na Musoma vilivyoyumba miaka ya 1990, mitumba ilipofurika na serikali ikabinafsisha mashirika yake. Leo tumfuate mfanyakazi mwenyewe hadi getini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, mathalani TUICO, juu ya vigezo vya kumchagua wa kuondoka. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Kisha kuna kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10.

Hiyo 10 ndiyo inayouma. Tuseme mfumaji analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi na anaingia kazini siku sita kwa wiki. Siku yake moja ni kama shilingi 7,700. Zidisha kwa siku 70, hazifiki 540,000. Kama ameitumikia mitambo ile miaka 25, sheria inampa kilekile inachompa wa miaka 10, isipokuwa chama chake kilijadiliana na mwajiri kikapata zaidi. Miaka 15 ya kumeza vumbi la pamba haihesabiki. Ukomo huu sioni utetezi wake, maana anayeguswa ni mtu mzima ambaye ujuzi wake wote uko kwenye mashine ya aina moja, na viwanda vyenye mashine hiyo vinahesabika.

NSSF nayo ina fao la kukosa ajira: aliyechangia miezi 18 au zaidi, na hakuacha kazi kwa hiari, anaweza kulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Ni afueni, si haba.

Lakini wengi getini ni vibarua. Alfajiri wanajipanga, msimamizi ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule. Oda zikipungua hakuna anayeambiwa amepunguzwa. Kidole tu hakimfikii. Wengi hudhani sheria haiwajui. Inawajua: aliyemfanyia kazi mtu yuleyule kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita hudhaniwa kuwa mwajiriwa, na mzigo wa kukanusha ni wa mwajiri. Kinachokosekana ni ushahidi wa saa zenyewe, kwa sababu malipo hutolewa mkononi na daftari la mahudhurio hubaki kwa msimamizi.

Basi ndugu kibarua, andika tarehe na saa zako, tunza kila karatasi na ujumbe wa malipo wa simu. Ukiachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kufungua shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.