Safari inayokatwa getini

Matatu inayotoka Kisumu huishia Busia. Inageuza kwenye steji, makanga anaanza kuita abiria wa kurudi, na mwenye kazi ng'ambo anashuka kumaliza safari kwa njia anayoijua mwenyewe: kwa miguu, kwa baiskeli au kwa boda. Upande wa Uganda ni vivyo hivyo, taksi za abiria hugeuza kabla ya geti. Katikati ya vituo hivyo viwili kuna mji mmoja wenye jina moja uliokatwa na mpaka, na kila alfajiri watu huvuka kwenda kufua, kupika hotelini, kubeba matofali, kuuza mayai na ndizi. Jioni wanarudi nyumbani.

Mtu huyu husahaulika sana katika taaluma yangu ya upangaji wa usafiri. Lori tunalihesabu kwa tani, mtalii kwa pasi yake, abiria wa mjini kwa tiketi. Anayevuka asubuhi na kurudi jioni haingii vizuri katika daftari lolote kati ya hayo. Nami naamini yeye ndiye mwalimu bora tuliye naye, maana anachagua usafiri akiwa na fedha kidogo na saa chache, na kosa dogo humgharimu kibarua cha siku nzima.

Wengi hudhani kinachomwongoza ni nauli. Nauli ina uzito, hasa kwa mwenye kipato kidogo, lakini haimalizi hesabu. Tumejua kwa miaka mingi kwamba dakika ya kusubiri au ya kubadilisha gari humwelemea abiria kuliko dakika ya kukaa ndani ya gari linalokwenda. Makadirio mengi huipa uzito wa karibu mara mbili. Sasa mtazame mama anayetoka upande wa Uganda na trei za mayai. Anashuka taksi, anapakua trei moja moja asije akavunja. Anatafuta wa kumsaidia kubeba hadi kwa maofisa, anaonyesha kitambulisho, anaeleza mzigo wake. Akishavuka anatafuta chombo kingine, anapatana bei upya, tena kwa shilingi ya nchi nyingine. Umbali wote huo unaweza kuwa mfupi kuliko wa kutoka nyumbani kwake hadi kisimani. Kinachomchosha ni kule kukatwakatwa kwa safari.

Ndiyo maana vyombo vidogo vilishinda hapa zamani. Biashara ya kubeba abiria kwa baiskeli ilianza katika mipaka hii ya Busia na Malaba miaka ya 1960, kwa kuwa kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na kipande kirefu cha barabara ambacho magari ya abiria hayakukipita bila makaratasi. Vijana wenye baiskeli wakaziba pengo hilo. Kutoka hapo boda zikaenea Uganda nzima, Kenya, na baadaye pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli hadi miji ya Tanzania na Rwanda. Usafiri unaobeba mamilioni ya watu leo ulizaliwa na kipande kimoja cha njia ambacho hakuna serikali iliyokipangia gari.

Matatu haivuki kwa sababu tatu zinazofungamana. Leseni ya kubeba abiria hutolewa kwa njia za ndani ya nchi. Bima ya kawaida hukoma mpakani, na anayetaka kuendelea hununua ile kadi ya njano ya COMESA inayotambulika katika nchi wanachama. Forodha nayo hulitazama gari la kigeni kama bidhaa iliyoingia kwa muda, hivyo hulidai karatasi zake. Kampuni ya mabasi ya Nairobi kwenda Kampala huyamudu yote hayo, maana gharama hugawanywa kwa abiria waliolipa nauli ya safari ndefu. Mwenye matatu anayelenga kuwapeleka watu kilomita kumi ng'ambo na kuwarudisha jioni hawezi. Hata mwenye boda, akitaka kuvuka kihalali kila siku, hukutana na masharti yaliyotungwa kwa ajili ya magari makubwa.

Februari 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Utaratibu wake ni mzuri: anayekwenda Uganda hasimami tena upande wa Kenya, anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili akishafika upande wa Uganda, na anayekuja Kenya vilevile kinyume chake. Vituo viwili vikawa kimoja. Tena Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wake kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sipuuzi hata kidogo mafanikio hayo. Lakini kipimo kinachotajwa kila tunapoyasifu ni saa ambazo lori limeokoa, na viwanja vile vipana viliwekwa hapo kwa ajili ya matrela. Mwenda kwa miguu amepunguziwa foleni moja, ila gari lake bado linaishia pale pale lilipoishia zamani.

Ushahidi mkali kuliko wote tuliuona Machi 2020. Uganda ilipofunga mipaka yake kwa abiria kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliendelea kupita. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake za kiafya na za kulisha nchi, siubishi. Ila ulionyesha ni nani mfumo mzima ulikuwa umemwandalia utaratibu na nani hakuandaliwa. Kwa mfanyakazi wa kutwa aliyelala upande mmoja na kula kutokana na upande wa pili, njia za panya ndizo zilizobaki. Njia hizo hazina taa, na mwanamke anayezipita na fedha za siku nzima anajua hatari yake. Tukizilaani bila kuuliza zinaokoa muda gani na usumbufu gani, hatutazifunga kamwe.

Tatizo hili si la nchi maskini peke yake. Luxembourg huajiri zaidi ya watu 200,000 wanaoishi Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, karibu nusu ya wote wanaolipwa mishahara nchini humo. Mwishoni mwa Februari 2020 nchi hiyo iliondoa nauli katika mabasi, tramu na treni, isipokuwa daraja la kwanza. Ungetarajia barabara zipungukiwe na magari. Foleni za asubuhi kutoka Thionville, Ufaransa, na Arlon, Ubelgiji, zipo hadi leo. Bure ile huishia mpakani: anayetoka Ufaransa bado hulipia kipande cha upande wake, na kabla ya hapo inambidi afike stesheni, apate pa kuegesha gari, kisha aombe treni isichelewe. Akishakaa ndani ya gari lake nyumbani, anaona heri aende nalo moja kwa moja.

Geneva wamekwenda njia nyingine, na hapo ndipo napenda tutazame. Desemba 2019 ilianza kazi Léman Express, treni inayounganisha mji huo wa Uswisi na Annemasse, Ufaransa, bila abiria kushuka mpakani. Makubaliano ya kujenga kiungo hicho yalitiwa saini 1912. Zaidi ya karne ilipita kabla ya treni kupita. Waliamua pia kuwe na tiketi moja inayotambulika pande zote mbili. Tiketi hiyo si ya bure, wala haikuhitaji kuwa ya bure.

Busia haihitaji reli ya namna ile. Inahitaji leseni maalumu ya ukanda wa mpakani, tuseme kilomita ishirini kila upande, kwa matatu, taksi na boda zilizosajiliwa kwa kazi hiyo, na bima inayouzwa kwa mwezi kwa bei ambayo mwenye pikipiki anaimudu. Inahitaji steji moja ya pamoja iliyo karibu na geti, yenye paa, ili trei za mayai zisipakuliwe mvuani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010, na nia ya watu kutembea huru imeandikwa ndani yake. Leseni kama hii ingeipa magurudumu.

Kabla ya hayo yote watu wahesabiwe. Mtu asimame getini kuanzia saa kumi na moja alfajiri, si kwa siku moja ya soko bali kwa msimu mzima, aandike wanaopita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa boda, wamebeba nini, wanakwenda umbali gani baada ya geti na wameshushwa wapi. Kaunti ya Busia na wilaya ya Busia ya Uganda zinaweza kuifanya kazi hiyo pamoja, bila kungoja Nairobi wala Kampala.