Kioo Safi Si Ushahidi wa Uzima



Je, kasoro ya chipseti huharibu picha za kompyuta? Chipseti huunganisha prosesa na diski pamoja na vifaa vingine. Kasoro yake hudhuru kile kinachotegemea sehemu iliyo mbovu.

Tarehe 31 Januari 2011, kampuni ya Intel ya Marekani ilitangaza kasoro katika chipseti zake mpya. Baadhi ya njia za diski zilidhoofika kadiri muda ulivyopita. Picha hazikuguswa, kwani hutengenezwa kwingine. Lakini Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilikiri udhaifu wa malighafi katika baadhi ya chipu za picha na chipseti za kompyuta za kupakata. Joto lilipopanda na kushuka mara kwa mara, viungo vilipasuka, picha zikavurugika au kioo kikazimika. Ubovu wa namna hiyo hauponywi kwa programu.

Basi ofisi ya Gitega au Muyinga inayopokea kompyuta iliyokwishatumika isiridhike na kioo kinachong'aa. Diski yaweza kufa kimya, na majalada ya kesi yakapotea. Nakilini kumbukumbu kwanza, ndipo mtafute fundi. Kuzihifadhi nako ni ulinzi.