Mikono Yote Juu, Lakini Tumekubali Nini?

Wafanyakazi wenzetu wa viwandani na mashambani, tunataka kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, viongozi wa chama, hapa Kasese.

Tuliitisha mkutano wa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Mwajiri alikuwa ameleta karatasi ya kubadili malipo, tusilipwe tena kwa siku bali kwa gunia. Tuliisoma mbio mbio, maana mvua ilikuwa inateremka kutoka mlimani, kisha tukauliza, "Mnakubali?" Mikono yote ikainuka. Ndipo mama mmoja mfagiaji akasimama kule nyuma: "Wazee wa chama, samahani. Tumekubali nini?" Tukawauliza walioinua mikono. Hakuna aliyeweza kueleza. Mmoja alisema jirani yake aliinua, naye akainua. Mwingine akasema, "Nyinyi ndio mnaojua." Watu wakacheka. Sisi tuliona haya.

Neno hilo, "nyinyi ndio mnaojua", wazee wa milima hii hawakulipenda. Machi 1962 wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitoka katika baraza la ufalme wa Toro, kwa sababu walitaka makabila yao yatajwe katika katiba kuwa sawa na Batoro, nao wakakataliwa. Isaya Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya walikamatwa wakashtakiwa. Mwaka ule ule tume ya Daktari Ssembeguya iliona kwamba malalamiko yalikuwa ya kweli.

Lakini kuna sehemu ambayo haisimuliwi sana. Mukirane alipopanda mlimani na kutangaza nchi ya Rwenzururu, Kawamara na Mupalya hawakumfuata kwa kuwa tu waliteswa pamoja. Wao walitaka wilaya yao ndani ya Uganda. Nani alikuwa na haki, watu wa hapa wangali wanabishana. Wilaya ilipatikana mwaka 1974, na wapiganaji wakashuka mlimani mwaka 1982. Sisi tunaona kumpinga mfalme ni kazi ngumu, ila kumpinga rafiki uliyefungwa naye ni ngumu zaidi.

Na asiyeulizwa hufika wapi? Kule Kanungu wafuasi wa Kibwetere waliuza mali yao na kukatazwa kusema, wakawa wanaongea kwa ishara za mikono. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada.

Huku Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, hatari huja na maneno matamu. Waasi wa ADF wamewahi kuwavuta vijana kwa ahadi za kazi na masomo, na kijana akishavuka kuingia Kongo ndipo anapoonyeshwa bunduki. Kwa hiyo, ndugu kijana, mtu akikuletea kazi muulize: kampuni inaitwaje, iko wapi, mshahara ni kiasi gani, na nani ametangulia ambaye tunaweza kuongea naye? Kitambulisho changu atakishika nani? Mwambie unakwenda kwanza kumuaga mama. Akisema gari linaondoka sasa hivi, usimwambie mtu, basi liondoke bila wewe.

Mkutano wa pamba tuliurudia Jumamosi iliyofuata. Karatasi ilisomwa polepole kwa Kiswahili na kwa Lukonzo. Yule mama akauliza tena, "Mashine ikiharibika siku nzima, gunia la siku hiyo litajazwa na nani?" Karatasi haikuwa na jibu, ikakataliwa. Halafu tukaleta shauri letu la kuongeza ada ya chama. Wakauliza ada ya mwaka jana ilitumikaje, na mtunza hazina hakuja na daftari. Likakataliwa nalo. Tumeambiwa turudi na daftari.