Jinsi Kiswahili Kilivyokua

Kaskazini ya mji wa Dar es Salaam kuna kilima kiitwacho Wazo. Huko huchimbwa mawe ya chokaa, nayo huchomwa kwa moto mkali na kusagwa hata yakawa saruji. Tangu kiwanda kilipoanza kazi mwaka 1966, watu wametoka pande nyingi kutafuta riziki huko, na watoto wao hukutana katika darasa moja.

Siku moja mtoto mmoja, mgeni kutoka Unguja, alisimama darasani akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Jana sikuja skuli kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa." Wenzake wakacheka wote. Mmoja akapaza sauti, "Huyu hajui Kiswahili! Neno ni shule." Mtoto yule akaketi, akainamisha kichwa, asiseme neno tena siku ile.

Mimi ndimi niliyekuwa mwalimu wao. Nikaona ya kuwa waliocheka hawakujua wachekalo, nikawaeleza habari hii ninayowaeleza ninyi leo.

Lugha ni kama nyumba ya watu wakarimu. Ina wenyeji wake, ina wageni wake, tena ina desturi zake ambazo kila aingiaye hana budi kuzifuata. Wenyeji wa Kiswahili ni maneno ya Kibantu. Sisi twasema mtu. Wasukuma husema munhu, Waganda omuntu, na Wazulu wa Afrika ya Kusini umuntu. Waonaje? Nchi zao ziko mbali mbali, lakini maneno yao ni ndugu wa tumbo moja. Hali kadhalika moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni hesabu tulizorithi kwa wazee wetu.

Lakini sita, saba na tisa zimetoka kwa Waarabu. Kwa karne nyingi majahazi yao yalikuja na pepo za kaskazi na kurudi na pepo za kusi, na wafanyaji biashara hawawezi kuuziana pasipo kuhesabu. Zamani tisa iliitwa kenda, na saba iliitwa fungate. Neno fungate halikufa. Hata leo ni jina la siku za mapumziko za bwana na bibi arusi, ambazo kwa desturi ya kale zilikuwa saba. Basi neno laweza kuacha kazi yake ya kwanza, likapata kazi nyingine.

Sasa tazameni jinsi mgeni anavyofuata desturi za nyumba. Neno kitabu ni la Kiarabu, na Waarabu wakitaka kutaja vingi husema kutub. Wazee wetu walipolisikia, waliifananisha ki ya mwanzo na ki ya kiti na kisu. Basi wakasema vitabu, kama wasemavyo viti na visu. Mambo kama hayo yametokea hata katika zama za motokaa. Mahali njia zinapokutana katika duara, Waingereza waliweka vibao vyenye maneno mawili ya kuwaamuru madereva washike upande wa kushoto. Watu wakayatamka maneno yale kwa namna yao, wakapata kipilefti. Na vikiwa vingi, vipilefti. Neno limetoka Ulaya, bali vazi lake ni la Kibantu.

Wageni wengine waliingia kwa vita. Vasco da Gama, Mreno, alifika pwani yetu mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome kubwa ya Mombasa, na mwaka 1698 Waarabu wa Omani waliitwaa. Ngome ingali imesimama, na maneno ya Wareno yangali yanasemwa: meza, bendera, karata na parafujo. Neno gereza nalo limetoka kwao, na katika lugha yao maana yake ni kanisa. Kwetu limekuwa nyumba ya wafungwa! Kutoka Bara Hindi tulipata gari na laki.

Baada yao wakaja Wajerumani. Walitawala bara tangu mwaka 1885 hata Vita Kuu ya Kwanza, wakafungua shule, na neno shule lenyewe ni lao. Unguja haikuwa chini yao. Tangu mwaka 1890 ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na kwa hiyo watu wa Unguja walipokea neno la Kiingereza, wakasema skuli. Je, ni nani asiyejua Kiswahili, asemaye shule au asemaye skuli? Wote wawili wamekopa. Mmoja amekopa kwa Mjerumani, na mwenzake kwa Mwingereza. Mwenye deni hamcheki mwenye deni.

Tena neno laweza kubaki na kitu kikabadilika. Simu ni neno la Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Mwaka 1879 waya wa kupelekea habari ulitandazwa chini ya bahari hata Unguja, na habari zilizopita humo zikaitwa simu. Baadaye kikaja chombo cha kusemea, nacho kikaitwa simu. Leo watu hutembea na simu mfukoni, wala hamna waya wa kuiunga na nyingine. Lakini jina lake lingali ni waya.

Huenda mkauliza, "Ikiwa kila pwani ilisema kwa namna yake, vitabu vyetu viliandikwaje kwa Kiswahili kimoja?" Zamani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na washairi wa Lamu na Mombasa walikuwa na lahaja zao. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari, alifika Mombasa, akajifunza Kimvita na kutunga kamusi. Edward Steere alikaa Unguja, na mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia lugha kama isemwavyo huko. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kiswahili, kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa vitabu vya shule, na kamusi iliyotajwa kwa jina la Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Angalieni basi: darasa lilimcheka mtoto aliyetoka katika nchi ambayo usemi wake ndio msingi wa vitabu vyao!

Baada ya uhuru, mwaka 1967, Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Maneno mapya yaliendelea kuingia, na mengine yalitoka kwa ndugu zetu wenyewe. Ikulu ni neno la Wasukuma na Wanyamwezi, maana yake makao ya mtemi. Ng'atuka ni la Wazanaki. Mwalimu Nyerere alilieneza alipoacha urais mwaka 1985. Wasimamizi wa lugha huweza kupendekeza neno, lakini watu ndio walipao uhai kwa kulisema.

Wala msidhani ya kuwa kukopa ni unyonge wetu peke yetu. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza. Hata leo Mwingereza humwita ng'ombe aliye malishoni kwa neno la wazee wake, bali nyama yake ikiwa mezani huiita kwa neno la Kifaransa. Tena Waingereza walikopa kwetu neno safari, ambalo sisi tulilikopa kwa Waarabu. Hakuna lugha kubwa isiyodaiwa.

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Husema tena, "Mwacha asili ni mtumwa." Mithali hizi mbili hazigombani. Pokeeni neno geni pale mnapolihitaji, mkalivike mavazi ya nyumbani. Bali msiache neno lenu zuri kwa kutaka kuonekana wasomi, wala msione haya kwa lugha ya mama zenu, maana humo nako Kiswahili huchota.

Nilipokwisha kusema hayo, darasa lilinyamaza. Kesho yake yule aliyepaza sauti alimwendea mgeni, akamwuliza, "Kwenu nyanya mwaziitaje?" Akajibu, "Tungule." "Na viazi vya mviringo?" "Mbatata." Nikawaambia ya kuwa mbatata ni neno la Wareno. Wakaandika maneno yale katika madaftari yao. Kisha mtoto mmoja, ambaye baba yake ni mwashi, akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, baba husema simenti, wewe wasema saruji. Nani amekosa?" Kabla sijafungua kinywa, mgeni wetu akajibu, "Hakuna aliyekosa. Tumwulize mwalimu kila neno limetoka wapi."

Nami nikawaambia: saruji ni la Kiajemi, na simenti ni la Kiingereza, na yote mawili hujenga nyumba moja.