Land Rover Series

Land Rover Series ni gari la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, mwanzoni na kampuni ya Rover. Nchini Tanzania lilitumiwa na serikali na misheni kwenye barabara za udongo kama zile za mkoa wa Ruvuma.

Thamani yake

Gari lililotembea kidogo huuzwa ghali, lakini mita peke yake si ushahidi. Kwa kawaida mita za zamani huhesabu hadi maili 99,999, kisha hurudi sifuri. Hivyo gari linaloonyesha 12,000 huenda limetembea 112,000. Bodi ni ya aloi ya alumini, haishiki kutu. Chasisi ni ya chuma, nayo huweza kuliwa na kutu kutoka ndani. Kabla ya kulipa, chasisi hugongwa kwa nyundo, na namba yake hulinganishwa na kadi ya gari.