Miguu ikigoma mlimani, nguvu bado zipo

Anayetoka Kiruruma na mikungu ya ndizi kwenye keria anajua pale mlimani miguu inapogoma. Je, nguvu zimekwisha kweli?

Mwaka 2010, Samuele Marcora na Walter Staiano wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, waliwaendeshesha wachezaji raga 10 baiskeli za mazoezi hadi wakashindwa. Papo hapo waliwaambia wakanyage pedali kwa nguvu zote kwa sekunde 5. Wakatoa nguvu karibu mara 3 ya zile zilizotakiwa waliposhindwa. Watafiti wakaeleza: misuli ilikuwa bado inaweza, akili ndiyo iliona kazi imezidi.

Hivyo, msikilizaji, usitazame kilele. Lenga mgomba ulio mbele, kisha unaofuata. Lakini kifua kikiuma au ukisikia kizunguzungu, shuka upumzike.