Tusiwafiche Wanafunzi Hitilafu za Maulamaa

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia machozi yakimlengalenga. Babake alikuwa amemkataza kupiga tari katika maulidi, akisema kwamba muziki wote ni haramu.

Kwa hakika, mzee huyo ana hoja. Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi inayowashutumu watakaohalalisha ala za muziki, na maulamaa wengi wameishikilia. Lakini imo pia ile ya wasichana wawili walioimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi; Abubakar alipowakemea, Mtume (S.A.W.) alimwambia awaache. Ibn Hazm aliruhusu ala. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitazama maneno yanayoimbwa, aina ya ala na hali ya msikilizaji. Nako Lamu, matari yangali yakisikika katika Maulidi ya Riyadha, urithi wa Habib Swaleh.

Nilimshauri kijana amtii babake, wala asimdharau mwenzake apigaye tari. Walimu wenzangu, tuwasomeshe watoto hoja za pande zote mbili. Tukiwaficha hitilafu hii, tutalea vijana wepesi wa kuharamisha na wazito wa kusoma.